Mganga Aliyeletwa kwa Ndoo

Buku-buku-buku. Buku-buku-buku. Mellen alisimama nje ya mlango wa mama yake, mkoba bado begani, akatega sikio. Kulikuwa na kitu kinachemka ndani, na ilikuwa Jumamosi mchana. Tangu Mellen azaliwe, hakijawahi kuchemka kitu siku ya Sabato katika nyumba ya Bochaberi. Maharagwe yalichemshwa Ijumaa, chai ikatiwa kwenye chupa Ijumaa, na jua lilipotua kwenye maji ya ziwa hapo Karungu, jiko nalo lilikuwa limekwisha kuzimwa. Watu wa kanisani walikuwa wakisimulia kwamba Bochaberi alimzaa huyu Mellen siku ya Sabato, kisha akamwomba Mungu radhi kwa kufanya kazi.

"Mama ameasi," Mellen alijisemea, akausukuma mlango.

Hapakuwa na moto. Katikati ya sebule, juu ya stuli, palikuwa na ndoo kubwa nyeupe, ile ya kuuzia rangi ya ukuta. Mpira mwembamba ulitoka kwenye kimashine cha betri, ukaingia ndani ya maji na kutoa mapovu. Upande mmoja wa ndoo aliketi mama yake, kaegemea kushoto kama mtu aliyeko ndani ya mtumbwi unaoyumba, leso imelegezwa kifuani. Upande wa pili aliketi binamu yake Cephas, mtoto wa mjomba Omosa, miwani ya jua juu ya paji la uso ingawa nyumba ile ina dirisha moja tu.

"Karibu, Mellen," alisema Cephas, kana kwamba nyumba ni yake. "Umefika wakati mzuri. Mgonjwa ametulia."

Phelesia, jirani yao, ndiye aliyempigia Mellen simu huko Awendo anakouza mitumba, akamwambia, "Njoo, nyathina, mwanangu. Mama yako kesho anatibiwa na daktari wa baharini." Mellen alidhani ni mtu. Alikuwa amejiandaa kumkuta mhubiri mwenye mafuta ya kupaka, au mzee mwenye mizizi. Alikuwa ameandaa hata matusi.

"Daktari yuko wapi?" aliuliza.

Cephas alinyoosha kidole kuelekea ndani ya ndoo.

Chini kabisa, juu ya mchanga mweupe ambao si mchanga wa ziwa, alilala konokono. Alikuwa na urefu wa kidole cha mwanamume, mpana huku na mwembamba kule, na ganda lake lilichorwa kahawia na nyeupe kama ramani ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kuitembelea. Alikuwa mzuri. Mellen alikiri hilo moyoni, kisha akakasirika kwa kukiri.

Sasa, ni haki kumweleza Cephas kabla hajaendelea kujieleza mwenyewe. Kijana huyu alikuwa na sifa moja isiyo na ubishi: alikuwa akirudi. Vijana wa Karungu wakienda pwani humezwa huko, lakini Cephas alirudi kila alipofukuzwa kazi. Mara ya kwanza alirudi na lafudhi. Mara ya pili alirudi na miwani. Mara hii alikuwa ametoka Watamu, ambako alikuwa akipanguza viti vya mashua za watalii, na amerudi na konokono. Kwa miezi kadhaa ya kupanguza viti alikuwa amesikiliza wazungu wakizungumza, na mtu akisikiliza wazungu huku anapanguza viti, hupata elimu ya upande ule aliokuwa ameelekeza sikio.

"Huyu," alisema, "anawinda samaki. Ana jino ndani ya mdomo kama mkuki, na jino lina sumu. Wanasayansi wameitoa sumu hiyo wakatengeneza dawa ya maumivu. Inashinda mofini. Shangazi ameteseka vya kutosha."

Ni kweli shangazi alikuwa ameteseka. Mwezi wa pili alishikwa na mkanda wa jeshi, malengelenge yakamzunguka mbavu za kulia kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Malengelenge yalikauka na ngozi ikaota upya, lakini maumivu hayakuhama. Yalibaki kama mtu aliyesahau pasi ya makaa juu ya nguo. Bochaberi hakuweza tena kuvaa sidiria, hakuweza kulala upande ule, na kanisani alikuwa ameacha kwenda kwa sababu watu wa kanisani hukumbatiana. Zahanati ya karibu ilimpa vidonge vya kichwa. Walimwambia kidonda kimepona.

"Cephas," alisema Mellen, "kuku wa kwenu wakiugua mnamwita nani?"

"Hayo yanahusianaje?"

"Naulizia tu. Kwa sababu sijawahi kusikia mmekuita wewe."

Bochaberi aliinua mkono. "Mellen, usianze. Umeingia hujaniamkia, umeanza."

Mellen alimwamkia mama yake. Kisha akatoa simu, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo nyusi zake zilivyopanda. "Dawa ilitoka kwa sumu ya ndugu yake, si huyu. Ikatengenezwa upya maabara. Daktari wa hospitali ndiye anayeidunga, ndani ya uti wa mgongo. Na huyu wako mwenye ramani mgongoni, Cephas, wameandika hapa anaua watu. Mtu anaacha kupumua. Sumu yake haina dawa ya kuizima. Hukusikia hilo, ama wakati huo ulikuwa umeinama chini ya kiti?"

"Mitandao hutisha watu. Ni suala la kipimo. Nitamgusisha kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Utamwambia konokono anong'one?"

Cephas aliinuka. Alitoka hadi barazani, ambako mabeseni ya Bochaberi yalipangwa ukutani, akarudi na kifaranga cha kambare kikipapatika kiganjani. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya Bochaberi: kuuza vifaranga hai vya kambare kwa wavuvi wa ndoano, kwa sababu mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hageukii chambo kilichokufa. Wauzaji wengine wa mji wa Sori vifaranga viliwafia jioni. Vya Bochaberi viliishi, kwa kuwa alivibadilishia maji ya ziwa asubuhi na jioni, mvua inyeshe au isinyeshe, Sabato au si Sabato. Alisema Bwana mwenyewe aliruhusu ng'ombe kutolewa shimoni siku ya Sabato, na kambare naye ni kiumbe.

Cephas alikitia kifaranga ndani ya ndoo. Kilizunguka ovyo, kimelewa chumvi. Konokono hakufanya lolote kwa muda. Kisha kutoka kwenye ncha ya ganda ukachomoza mrija mwembamba, ukinusa maji. Ukafuata mdomo, nao ukafunguka kama kimia laini, mpana kuliko mtu alivyotarajia. Kifaranga kilipopita, kilisimama. Hakikupapatika. Mdomo ukakifunika pole pole, kama mtu anayevaa soksi.

"Mmeona?" alinong'ona Cephas. "Hata hakutikisika. Hakusikia uchungu wowote."

"Hakusikia kwa sababu amekufa, mjinga wewe."

Kisha Mellen akamtazama mama yake. Bochaberi alikuwa ameinama juu ya ndoo, uso karibu na maji, akimwangalia yule samaki kwa macho ya mtu anayemwangalia jirani aliyejenga nyumba ya mawe. Alikuwa akimwonea wivu.

Jioni ile, Cephas alipoondoka kwenda kulala kwa rafiki yake huko Sori, mama na binti walibishana.

"Nitaimwaga hiyo ndoo," alisema Mellen.

"Imwage. Kisha ubebe mkoba wako, na usirudi hapa mpaka uitwe kwenye mazishi."

"Mazishi yatakuwa Jumatano kama huyo mpumbavu atakugusisha."

"Wewe unajua kuita watu majina," alisema Bochaberi, na hakupandisha sauti, kwa sababu kupandisha sauti kulivuta mbavu. "Mwezi wa nne nilikuomba unisindikize Homa Bay, kwenye hospitali kubwa, kwa sababu siwezi kukaa garini peke yangu na mbavu hizi. Ulisema nini?"

Mellen alikumbuka alichosema. Alisema, "Mama, kidonda kimepona, sasa unataka wakutibu kovu?" Wateja wake pale Awendo walicheka. Aliona ni mzaha mzuri.

"Mwezi wa sita nikakuomba tena. Ukaniambia nimezoea kulia. Cephas ni mpumbavu, sawa. Huyo mpumbavu alisikia naumwa, akabeba ndoo kwa basi kutoka baharini hadi hapa, usiku kucha ameishikilia kwa magoti isimwagike. Wewe umeniletea nini kutoka Awendo? Mdomo."

Mellen alikuwa na majibu, lakini yote yalikuwa ya kuchekesha.

Asubuhi ya Jumapili Cephas alifika amevaa shati jeupe, na hakuja peke yake. Habari za daktari wa baharini zilikuwa zimeshapita ufuoni. Phelesia alikuja na goti lake bovu, ingawa alisema wazi kwamba ameleta macho tu, goti atalirudisha nyumbani kama lilivyo. Willis, mwenye mtumbwi na ndoano nyingi, alikuja ameshika shavu. Jino lilikuwa limemnyima usingizi, na alikuwa amefikiri kwamba dawa ikishinda mbavu, jino haliwezi kuishinda.

"Min Mellen, habari ya mbavu?" Willis alimsalimu Bochaberi kwa Kiluo, akimwita mama Mellen.

"Zipo. Zinakusalimia."

Cephas alianza hotuba. Alizungumza juu ya bahari, juu ya kina chake, juu ya siri ambazo Mungu ameficha humo kwa ajili ya wenye macho. Alitaja neno maabara mara nyingi, kama mtu aliyewahi kuingia. Kisha akachukua koleo la makaa la jikoni, akalipanguza kwa leso ya mfukoni, akainama juu ya ndoo.

Alikaa ameinama. Mapovu yaliendelea kupanda.

"Anasali?" aliuliza Willis.

Cephas alizungusha koleo majini. Alimgeuza konokono. Nyama yake ilikuwa imevimba ikatoka nje ya ganda, nyeupe, imelegea kama ulimi wa ng'ombe buchani, na nyuzi za ute zilikuwa zikielea kutoka kwake. Cephas alimgonga ganda. Alimgonga tena. Kisha akachovya kidole majini na kukiweka ulimini, na uso wake ukabadilika.

"Nani amegusa maji haya?"

Wote walimtazama Mellen.

"Msinitazame. Ningekuwa mimi ningetangaza kwa tarumbeta."

"Ni mimi," alisema Bochaberi.

Cephas aligeuka, koleo likidondosha maji sakafuni.

"Maji yalikuwa yananuka," aliendelea. "Nimeamka alfajiri kubadilishia kambare, nikamkuta naye yuko kwenye uvundo. Yule samaki amemtapika, ameoza humo. Nikasema huyu ndiye atakayenitibu, na nimemlaza kwenye uchafu. Nikayamwaga nyuma ya nyumba, nikamwekea maji safi ya ziwa. Nikamshukuru hata."

"Shangazi," alisema Cephas, na lafudhi yote ya pwani ilikuwa imemtoka, amebaki Mkisii mtupu. "Yale yalikuwa maji ya bahari. Ya chumvi. Huyu hawezi kuishi kwa maji ya ziwa. Nimeyabeba kutoka Watamu."

"Ulisema anaishi majini. Hayo ni nini, uji?"

Willis ndiye aliyeanza, akasahau shavu. "Omera, ndugu yangu, umebeba maji kwa basi usiku kucha, ukayaleta ziwani?" Phelesia alijifunika mdomo kwa kanga. Lakini hakuna aliyecheka kama Mellen. Alicheka akiwa ameshika mwimo wa mlango, na katikati ya kicheko alikuwa akipata pumzi ya kusema.

"Mtaalamu wa bahari. Amesomea viti. Amemtoa simba porini akamleta mjini, akasahau kumwambia mwenye nyumba kwamba simba hali sukuma wiki. Daktari ameuawa na mgonjwa. Cephas, ndugu yangu, mganga wako hajamaliza hata usiku mmoja Karungu. Hata mbu wa hapa wangempa siku mbili."

Cephas alisimama na koleo lake, shati jeupe limelowa mikononi. Mtu mwingine angeondoka. Lakini mtu aliyeaibishwa mbele za watu ni hatari kuliko mtu mwenye njaa, na Cephas alitafuta mlango mwingine wa kutokea.

"Amekufa, lakini sumu haifi," alisema. "Jino lipo. Sumu ipo. Nipeni sindano ya kushonea. Nitachovya, niguse kidogo tu juu ya ngozi."

"Cephas," alisema Phelesia, "acha sasa."

"Nimetoka mbali. Siwezi kurudi hivi."

Na Bochaberi, ambaye muda huu wote machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, alifungua fundo la leso. Aliugeuza ubavu wake wa kulia kuelekea kwa Cephas, mbele ya Willis, yeye ambaye hakuwahi kutoka nje bila kufunika kichwa. "Sindano iko kwenye kopo juu ya kabati," alisema. "Fanya. Likitokea la kutokea, angalau maumivu yatanyamaza."

Mellen aliuachia mwimo wa mlango. Alivuka sebule, akafika kwenye kabati kabla ya Cephas, akachukua kopo na kutoa sindano. Akamnyooshea.

"Chukua," alisema. "Ila uanzie kwako. Kidole tu. Kidole kidogo, wala sisemi ubavu. Tukuone unavyotulia, kisha utamgusa mama yangu."

Cephas aliitazama sindano.

"Mimi siumwi," alisema.

"Tangu nifike hujamgusa kwa mkono. Jana kumnyooshea kidole kwa mbali, leo koleo. Dawa inayoshinda mofini unaishika kama kaa la moto. Ama anza na jino la Willis. Willis, fungua mdomo."

Willis alikuwa ameshasimama. "Jino langu limepona," alisema. "Limepona kabisa. Nimelisahau hata liko upande gani." Akatoka, na barazani walimsikia akijigonga kwenye beseni la kambare.

Cephas aliliweka koleo juu ya meza. Alichomoa mpira ndani ya ndoo, akazima kimashine, akakizungushia waya polepole, kama mtu anayekunja bendera ya timu iliyoshuka daraja. Hakuaga. Miwani aliisahau juu ya kiti, na Phelesia akamfuata nayo hadi kwenye ua.

Mellen alibeba ndoo kwa mikono miwili, mbali na mwili wake. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, alichimba shimo refu mpaka jembe likagonga udongo mweusi wenye mawe, akamwaga humo daktari, maji na mchanga wake, akafukia, akaweka jiwe juu asije bata akafukua. Alifanya hivyo akisema peke yake. Alimsema Cephas. Alimsema mjomba Omosa aliyemzaa Cephas. Alisema maneno makali na mazuri, na hapakuwa na mtu wa kuyasikia isipokuwa migomba.

Aliporudi, mama yake alikuwa ameketi palepale, leso mapajani, mgongo wazi.

"Umemaliza?" aliuliza Bochaberi.

"Nimemfukia."

"Nauliza kucheka."

"Nimemaliza, Mama."

"Basi umeshinda. Umesema kweli, kijana angeniua, najua. Mimi si mjinga, Mellen. Nilijua hata jana." Alijikohoza, akafumba macho kwa sababu kukohoa nako kulikuwa na bei yake. "Sasa njoo unifunge leso. Mkono wangu haufiki."

Mellen alipiga magoti nyuma yake. Tangu mwezi wa pili alikuwa amesikia habari za ubavu huu kwa simu, akaujibu kwa simu, akaufanyia mzaha kwa simu. Hakuwahi kuutazama. Ngozi ilikuwa na mstari wa mabaka meusi kutoka uti wa mgongo kuzunguka, kama alama ya kamba iliyokazwa. Alipopitisha leso, ncha ya kitambaa iligusa baka moja tu, kwa wepesi wa nzi kutua, na mwili wa mama yake ukaruka mzima, meno yakakutana kwa sauti.

"Samahani," alisema Mellen.

"Funga tu."

Mellen hakufunga. Alikaa ameshika ncha mbili za leso hewani, hajui azipitishe wapi pasipouma.

Phelesia alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Mama," alisema Mellen chini chini. "Kesho twende."

"Wapi?"

"Homa Bay."

"Sikusikii. Ukimsema Cephas unasikika mpaka Muhuru. Hili nalo liseme hivyo hivyo. Phelesia yuko hapo, asikie."

Mellen aliiachia leso, akazunguka, akapiga magoti mbele ya mama yake ambapo angeweza kuonwa. Akapandisha sauti.

"Mama, kesho alfajiri nakupeleka Homa Bay. Nitakodi gari, wewe ulale kiti cha nyuma, usiguswe na mtu. Nitakaa nawe kwenye foleni mpaka tumwone daktari mwenyewe, na akisema kidonda kimepona, nitamwambia autazame ubavu huu kama nilivyoutazama mimi. Wakisema turudi wiki ijayo, tutarudi. Mitumba ya Awendo ikae kwenye gunia. Nakuahidi, Phelesia akisikia: sitakuacha njiani, na sitacheka."